Bei ya seti ya turbo sio bei ya turbo

Jumamosi moja jamaa alikuja gereji kwetu hapa Ndeeba, Kampala, na Subaru Legacy ya zamani, yenye injini ya EJ20 ile isiyo na turbo, gari safi kabisa imetunzwa mpaka viti. Akafungua buti akatoa turbo imefungwa kwenye gazeti, akaiweka juu ya meza yangu, akasema fundi hii nimeinunua laki 6, wewe niambie tu kufunga ni ngapi. Nikaishika shafti kwa vidole viwili nikaichezesha juu chini, ikacheza kidogo, hiyo sawa maana shafti ya turbo ya kawaida inaelea kwenye oili na lazima iwe na nafasi yake. Halafu nikaivuta mbele na nyuma. Ikasogea, nikasikia "tik" ndogo. Hiyo ya mbele na nyuma haitakiwi uisikie kwa mkono, ukiisikia ujue beringi ya kubana imeisha na muda sio mrefu mapanga yataanza kula nyumba yake.

Nikamwambia kaa kwanza ssebo, chai inakuja, tuongee.

Swali lake naulizwa karibu kila wiki, kwa simu, kwa meseji, mtu akisimama tu getini, na kila mara linakuja hivyo hivyo, turbo ni bei gani, kufunga ni bei gani, kama vile kuna vitu viwili tu. Wauzaji nao wengi wanajibu hivyo hivyo, wanataja bei ya turbo, mteja anafurahi, kazi inaanza, katikati pesa inaisha na gari linabaki juu ya mawe miezi 3. Mimi mwenyewe miaka ya mwanzo nilipiga bei hivyo nikaishia kumalizia magari ya watu kwa pesa ya mfukoni mwangu, kwa hiyo nachoandika hapa nimekilipia.

Kwanza tuelewe kwa nini watu wanataka hizi seti, yaani turbo na vifaa vyake vyote vya kufungia, sasa hivi. Uganda tangu 2018 sheria inakataza kuingiza gari lililofikisha miaka 15 tangu litengenezwe. Maana yake zile Impreza za miaka ya 90, zile Mark II na Chaser, zile BMW E36, hakuna nyingine inayokuja, zilizopo ndo hizo hizo, na zenye turbo ya kiwandani wenyewe wamezikumbatia au wanataja bei ya kutisha. Na hii nchi inapenda rali, Charles Muhangi alichukua ubingwa wa Afrika mwaka 1999 na mpaka leo watoto wa wakati ule, ambao sasa ni watu wazima wenye mishahara, wanataka kusikia ule mlio kwenye gari lao la kwendea kazini. Kwa hiyo mtu ana gari zuri lisilo na turbo na anataka liwe na turbo. Hamu yake ni ya haki kabisa. Tatizo liko kwenye hesabu.

Sasa turbo yenyewe ni nini kwenye seti nzima? Kwa hesabu zangu huwa robo ya gharama ya vifaa, saa ingine chini ya hapo. Turbo inahitaji manifodi ya kuishikilia na ekzosi mpya kutoka hapo kwenda chini, inahitaji westigeti ya kuachia moshi presha ikizidi, bomba za hewa, intakula maana hewa ikikandamizwa inapata moto na hewa ya moto injini haiitaki, inahitaji oili ya kuingia na oili ya kurudi. Halafu upande wa mafuta: nozeli kubwa, pampu kubwa, watu wengi wanatumia zile za lita 255 kwa saa. Halafu ubongo, yaani kompyuta mpya ya injini au kale ka kifaa ka kudanganya sensa, na sensa ya kupima mchanganyiko wa hewa na mafuta, hiyo bila kujadili. Klachi pia, maana klachi ya gari la kawaida ikipata nguvu mpya inateleza siku ya kwanza. Ukitoa kimoja kwenye hivi vitu seti haijapungua bei, imevunjika tu.

Chukua nozeli peke yake uone. Injini ya turbo ya silinda 4 unayotaka itoe nguvu za farasi 200, kila nozeli inatakiwa imwage mafuta kama cc 370 kwa dakika, na hapo umeiachia nafasi kidogo ya kupumua isifunguke muda wote. Nozeli zilizokuja na gari lisilo na turbo hazifiki huko. Zikishindwa, mafuta yanapungua kwenye mchanganyiko wakati busti, yaani presha ya hewa ya turbo, inapanda, silinda inapata moto, injini inanoki, yaani mafuta yanalipuka kabla ya wakati wake, na kwenye hizi EJ kinachovunjika mara nyingi ni ule ukingo wa pistoni unaoshika ringi. Nilishafungua moja, pistoni ukiitazama kwa juu nzima kabisa, ukiigeuza pembeni kipande cha ukingo kimetoka kama kona ya biskuti. Injini nzima chini, kwa sababu mtu aliokoa pesa ya nozeli.

Na hapa ndo bei inaanza kutofautiana gari kwa gari, kitu ambacho wateja hawakipendi, wanaona kama unawapimia mfuko. Angalia kompresheni, yaani injini inakandamiza hewa mara ngapi ndani ya silinda. Toyota yenyewe ilipotengeneza injini ya 2JZ isiyo na turbo iliipa 10 kwa 1, ile ya turbo ikaishusha mpaka 8.5 kwa 1. Hawakufanya kwa kupenda, ni kwamba hewa ya turbo inakuja tayari imekandamizwa, ukiikandamiza tena sana mafuta yanalipuka kabla ya wakati wake. Kwa hiyo injini ya 10 kwa 1 ukiifungia turbo bila kuifungua ndani, busti lazima iwe ndogo, mimi naishia presha ya nusu bari na taimingi, yaani muda wa plagi kuwasha, nairudisha nyuma. Toyota Altezza ya injini ya 3S yenye kompresheni ya 11 na kitu ni ngumu zaidi, hiyo kwa mafuta ya pampu ya kawaida mimi namwambia mwenyewe tufungue injini tubadilishe pistoni au tuache. Sasa seti ya Altezza na seti ya gari lingine, turbo ile ile, bei inapishana mamilioni, na muuzaji anayekupa bei moja kwa magari yote hajauliza gari lako ni lipi.

Kitu kingine ambacho sisi wa Kampala tunacho ni mwinuko. Tuko kama mita 1,200 juu ya bahari, hewa ya hapa ina presha ya kama bari 0.88 badala ya 1.01 ya pwani, ndo maana gari lisilo na turbo hapa linapoteza kama asilimia 13 ya hewa yake kabla hujakanyaga. Turbo inairudisha hiyo, raha yake hapa ni kubwa kuliko Mombasa, wateja wanaisikia hata kwa busti ndogo. Lakini kuna mtego. Westigeti ya spring inapima busti kwa kulinganisha na hewa ya nje. Ukiiweka nusu bari Kampala, injini inapata 0.88 kujumlisha 0.5, yaani 1.38. Mteja huyo huyo Desemba anashuka Mombasa na familia, saa ya kupimia busti kwenye dash inasoma nusu bari ile ile, yeye anajua mambo yako sawa, kumbe injini sasa inapata 1.51, hewa imeongezeka zaidi ya asilimia 9. Kama fundi aliyetyuni, yaani aliyepanga kompyuta ya injini, alijaza ramani ya mafuta mpaka pale Kampala inapofika tu, juu yake akaacha namba za kubahatisha, injini inaingia sehemu ambayo hakuna mtu aliyeiandaa, na ni barabara ndefu ya tambarare na joto la pwani. Kwa hiyo kwenye bei yangu ya kutyuni kuna masaa ya kujaza hizo sehemu za juu ambazo hapa nyumbani gari halitazifikia kamwe. Mteja hazioni. Kwenye risiti hazionekani. Nazitoza, na nikiulizwa nachukua karatasi nachora.

Sasa tuje kwenye pesa, na hapa niende taratibu maana ndo panapochanganya.

Mtu anakuonyesha simu, seti hii hapa mtandaoni dola 1,000 pamoja na usafiri wa meli na bima, wewe unaniambia milioni 10, unaniibia. Haya, tuseme dola ni shilingi 3,700, hiyo ni 3,700,000 mpaka Mombasa. Ushuru wa forodha wa Afrika Mashariki una ngazi za 0, 10, 25 na 35 kwa mia, kila kifaa kina namba yake na ngazi yake, kwenye seti moja unaweza kukuta vifaa vimegawanyika ngazi tofauti, lakini ili hesabu iende tuseme vyote vimeangukia 10: hiyo 370,000. VAT ni asilimia 18, na haipigwi kwenye 3,700,000, inapigwa baada ya kujumlisha ushuru, kwa hiyo ni 18 kwa mia ya 4,070,000, sawa na 732,600. Kodi ya zuio asilimia 6, hiyo 222,000. Ile tozo ya miundombinu asilimia 1.5, hiyo 55,500. Jumla ya kodi hizo 1,380,100, na mzigo umefika 5,080,100. Ajenti wa forodha anataka chake, stoo inataka chake, gari la kuleta mpaka Ndeeba. Kwangu huwa nahesabu 5,400,000 kikiwa kimeshuka mlangoni, na hapo hakuna hata boliti moja iliyofungwa.

Hapo kuna kitu wauzaji wadogo wanakosea. Kama umesajiliwa VAT ile 732,600 unaidai kwenye ritani zako, na wewe ukiuza unatoza 18 yako, kwa hiyo usiihesabu kama gharama halafu ukaongeza tena VAT juu yake, utakuwa ghali bure. Kama hujasajiliwa basi imeshakuwa gharama, imeingia kwenye damu ya bei. Ile 6 ya zuio nayo ni kodi ya mapato uliyolipa mapema, tunza karatasi zake, mwisho wa mwaka inakatwa kwenye unachodaiwa. Nimeona watu wanazitupa.

Tuendelee. Manifodi ya ndani ya sanduku mara nyingi haikai vizuri, imetengenezwa kwa gari la usukani wa kushoto, inagonga shafti ya stelingi. Tunapeleka kwa vijana wa Katwe wanachomelea upya, pamoja na ekzosi ya chini na bomba za intakula, weka 900,000. Gasketi, oili, plagi, mipira, klipu, maji ya rejeta, 300,000. Na hapa naweka kitu ambacho wengi hawakiweki, 400,000 ya garantii, yaani pesa inayokaa pembeni kwa ajili ya kile kitakachorudi, maana kwenye kila seti 10 kuna itakayorudi, mpira utachomoka, sensa itakufa, nami sitaki siku hiyo nianze kugombana na mtu. Jumla 7,000,000. Hiyo ni gharama yangu.

Sasa faida. Nataka 30 kwa mia. Fundi wengi wanachukua 7,000,000 wanaongeza 30 kwa mia wanapata 9,100,000, wanaona wamefika. Hawajafika. Faida hapo ni 2,100,000, na ukiigawa kwa 9,100,000 mteja aliyolipa inakuja 23 kwa mia. Kodi ya gereji, umeme, mishahara ya vijana, vyote vinalipwa kutoka kwenye pesa iliyoingia, ndo maana unatakiwa uhesabu faida kwa bei ya kuuzia. Ukitaka 30 kweli unagawanya 7,000,000 kwa 0.7, unapata 10,000,000. Tofauti ni 900,000 kwa seti moja, na hiyo laki 9 ndo ile iliyokuwa inapotea kwangu miaka miwili bila kujua iko wapi, nikidhani kuna kijana anaiba.

Juu ya hiyo 10,000,000 kuna kufunga na kutyuni, mimi naviandika peke yake, 1,200,000 na 800,000, navitenganisha kwa makusudi ili mtu akitaka kupeleka seti kwa fundi wake mwingine aweze, na aone kwamba kutyuni ni kazi, sio zawadi.

Na dola inacheza. Bei nayoandika inaishi siku 14, baada ya hapo tunahesabu upya, naandika hivyo kwa herufi kubwa juu ya karatasi. Arbuni nachukua asilimia 70 kabla ya kuagiza, sio kwa kumdharau mteja, ni kwamba seti ya E36 haimfai mtu wa Subaru, mtu akibadili mawazo mimi nabaki na chuma. Sina stoo ya seti zilizokaa zinasubiri. Hii biashara wateja wake ni wachache, ukifunga pesa kwenye rafu umejifunga mwenyewe.

Lakini hata ukihesabu vizuri hivyo, kuna dari juu ya bei ambayo huwezi kuipita, na dari yenyewe iko Kisekka, soko la vipuri hapa Kampala. Gari likiwa na ndugu yake wa turbo wa kiwandani, mteja ana njia ya pili: anunue injini nzima ya turbo iliyotumika, na kompyuta yake na nyaya zake, abadilishe. Ile injini imeshapewa na kiwanda pistoni zake, nozeli zake, njia zake za oili. Kwa Subaru, kwa hizi JZ, kwa 3S, hiyo njia mara nyingi inashinda seti kwa bei na kwa usalama, na mimi nayeuza seti nakwambia hivyo. Seti ina nafasi yake pale ambapo kiwanda hakikuacha ndugu. BMW E36 ya 325i ni mfano mzuri, injini yake ya M50 ina silinda 6 na bloku ya chuma ngumu kweli kweli, haikuwahi kupewa turbo na kiwanda, huwezi kwenda Kisekka ukaikuta. Honda nyingi za zamani hivyo hivyo. Hao ndo wateja wa seti, na kwao bei inaweza kusimama kwa sababu hakuna njia nyingine ya kufika pale. Muuzaji anayetangaza seti za Subaru kwa bei kubwa anapigana na Kisekka, na Kisekka iko kilomita chache tu kutoka hapa, mteja anachukua boda anarudi na jibu baada ya nusu saa.

Halafu suala la turbo yenyewe, mpya original, mpya ya kopi, au iliyotumika. Original ya IHI au Garrett ni ghali na inadumu. Iliyotumika toka Japani kwangu ndo chaguo la pili, mradi umeishika shafti kama nilivyosema, umeangalia mapanga kama yana kona zilizoliwa, umeangalia upande wa moshi kama kuna oili mbichi. Kopi sizikatai zote ila siziwekei garantii, na naandika hivyo kwenye risiti mbele ya mteja kabla hajalipa. Nilishaletewa kopi mpya kwenye boksi lake imeandikwa jina kubwa la Kijapani, nikaifungua, njia ya oili ndani imebakiza vumbi la chuma la kutoboleshea. Ungeifunga hivyo isingemaliza kilomita 100.

Na kama mtu ananunua seti ili afunge mwenyewe, kitu kimoja nitamwambia hata bure, bomba la kurudisha oili. Oili inaingia kwenye turbo kwa presha lakini inatoka kwa uzito wake tu, inateremka. Bomba likipinda kuelekea juu mahali popote, hata sentimita 2, oili inajaa kwenye turbo, inapita kwenye sili, moshi wa bluu unatoka nyuma, na mtu anadhani turbo imekufa. Wiki mbili zilizopita nilipokea gari la hivyo, mwenyewe alishanunua turbo 2 mfululizo, kumbe bomba limepitishwa juu ya kikono cha injini. Tulilikata tukalishusha, moshi ukaisha.

Yule wa Legacy nilimwandikia karatasi mbili. Moja ya seti, bei yote mpaka kutyuni, 12,000,000. Ya pili nikamwambia nenda Kisekka uliza EJ205, ile EJ20 ya turbo ya kiwandani, nzima na kompyuta na nyaya, ukiwa na hiyo karatasi ya kwanza mkononi. Alirudi Jumatatu, amepata kwa 5,500,000, akaniuliza kubadilisha nitamfanyia ngapi. Nikamwambia 1,800,000, na klachi juu yake, na turbo yake ya kwenye gazeti asiuze kwa mtu kama nzima. Aliiacha hapa mezani, vijana wanaitumia kujifunza, mteja mpya akija tunampa aivute mbele na nyuma asikie mwenyewe.